Khanga ya Aliyetoa Pasi

Uwesu ni fundi mabegi. Ukiingia Kariakoo kwa upande wa Gerezani, ukawapita wauza ndoo na wauza vitana, utamkuta kwenye kibenchi chake, zipu mbovu zimejaa miguuni. Lakini usiulizie fundi Uwesu, watu watakukodolea macho tu. Ulizia Kocha Uwesu, na muuza kahawa atakushika mkono akupeleke. Maana jioni ikifika huweka sindano chini, akashuka Mnazi Mmoja kuinoa Mkunguni Stars, timu ya watu wa sokoni, ambayo ameilea miaka mingi kuliko aliyokaa kwenye ndoa.

Msimu uliopita ulimtesa. Kipa alikuwa mzuri, mabeki hawana huruma, ila mbele kukavu. Mbele alikuwapo Zakayo peke yake, mpakia mizigo mmoja mrefu, amesimama kati ya mabeki wawili kama nguzo ya umeme. Mpira ukimfikia, wanambana. Usipomfikia, analalamika. Timu ikaponea chupuchupu kushuka daraja, na watu wa barazani wakaanza kunong'ona.

Basi dirisha la usajili lilipofunguliwa, soko likachangamka. Wauza korosho wakamleta Beno kutoka Masasi, mtu wa kifua, anapiga kichwa kama anavunja mlango. Wauza viatu wakamleta Idrisa kutoka Lindi, winga wa kushoto, mwembamba, na zile mbio zake, ah, mpaka uzione. Uwesu akawa anawaeleza wateja huku anashona: Idrisa atamvuta beki pembeni, mabeki wa kati watamganda Beno, na Zakayo, maskini, naye atapata pa kupumulia nyuma yao.

"Mara hii tutafunga," akasema, "hata kwa bahati mbaya."

Mazoezini mambo yakawa mengine. Idrisa anakimbia mpaka karibu na kibendera cha kona, beki hoi nyuma yake, Beno na Zakayo wananyoosha mikono katikati. Badala ya kupiga krosi, anapiga shuti kutoka kule kule pembeni, mahali ambapo goli halionekani. Mpira unakwenda kwa wauza juisi. Beno naye akiupata, hampi mtu.

Mzee Abdulswamad, mwenyekiti wa timu, akatazama siku ya kwanza, akatazama na ya pili, kisha akamwita kocha pembeni.

"Uwesu, uliomba washambuliaji, tumekupa. Jumamosi tuna kirafiki na wale wa Ilala. Mkitoka bila bao, usinichukie, timu tunampa mtu mwingine. Tumeshaongea naye."

"Sawa, mwenyekiti," akajibu Uwesu. Siku ile alishona zipu ya mtu juu chini.

Kesho yake Idrisa akaja na begi lake la viatu, mkanda umekatika.

"Shikamoo, kocha."

"Marahaba. Kaa hapo. Hivi, Beno amekukosea nini?"

"Hajanikosea kitu."

"Mbona krosi humpi?"

Idrisa akainamia begi. "Kocha, nikizoea kumpa, siku ya mechi atafunga yeye, na khanga atavishwa yeye. Mama huko Lindi kila siku anapiga simu, eti umesajiliwa Kariakoo, mbona khanga siioni? Nimwambie mwanao kazi yake kuwavisha wenzie?"

Uwesu akaacha kushona. Ni kweli, timu ina desturi hiyo. Mchezaji akifunga, akinamama wauza khanga huingia uwanjani kwa vigelegele, wakamvisha mabegani doti mpya, na yeye humpelekea mama yake. Mama akiivaa, mtaa mzima unajua mwanawe amefunga. Miaka yote Uwesu aliiona kama pambo la mchezo. Kumbe ndiyo iliyokuwa ikiwapigisha mashuti vijana wake.

Hakungoja mchana upoe. Akaenda hadi meza ya Bi Moza, mkuu wa wale akinamama.

"Bi Moza, nina ombi. Jumamosi khanga apewe aliyetoa pasi."

Bi Moza akacheka mpaka akashika meza. "Uwesu, jua limekupiga? Tumwache bwana harusi, tumvishe mshenga?"

"Bila mshenga kuna harusi?"

"Ipo. Siku hizi wanatoroka tu." Wateja wakacheka. "Na aliyefunga arudi kwao mikono mitupu? Mama yake si atakuja kunishika mimi?"

Hilo Uwesu hakuwa amelifikiria. Akakuna kichwa, halafu akasema polepole, "Bi Moza, tusipofunga Jumamosi, timu sina tena."

Bi Moza akaacha kucheka. Akavuta doti moja, vile vipande viwili bado vimeshikana, akachukua mkasi, akaikata katikati.

"Kipande cha aliyefunga. Kipande cha aliyetoa. Na hakuna mama anayepokea nusu doti, atauliza ya pili iko wapi. Waambie hivyo wanao."

Akawaambia.

Jumamosi watu wa Ilala wakatangulia, bao la mapema. Mzee Abdulswamad akakunja uso, wala hakumtazama kocha. Wakaongeza la pili, uso ukazidi kukunjamana. Halafu Idrisa akamtoka beki wake, akafika kwenye mstari, akainua macho. Krosi ikapigwa, Beno akaruka, na kichwa kile cha kuvunja mlango kikavunja mlango.

Akinamama wakaingia. Kipande kwa Beno, kipande kwa Idrisa, ambaye alisimama anapapasa pindo kama haamini.

"Nitafutie kingine," Beno akamwambia wakirudi katikati.

"Nitafutie wewe. Mimi nimeshakutafutia."

Kipindi cha pili Beno akawavuta mabeki wawili mgongoni, akautuliza mpira kwa kifua, akamwekea Idrisa. Shuti, nyavu. Akinamama wakaingia tena na doti ya rangi ile ile, kipande huku, kipande kule. Mbili kwa mbili, na kila mmoja ana doti yake kamili.

"Na mimi je?" Zakayo akadai. "Au mimi nilizaliwa na mwenyekiti?"

Wakamtafutia mpaka mwisho. Mara moja akagonga mwamba, mara nyingine akapaisha, filimbi ikalia hajavishwa, ila kila mara alikuwa peke yake, hana beki karibu.

Mzee Abdulswamad akaja taratibu, fimbo mkononi.

"Mabeki wako leo wamenitia wasiwasi," akasema.

"Nitawanoa, mwenyekiti."

"Wanoe. Ligi iko mlangoni. Na yule mrefu, mfundishe kutulia, asiwe anapaisha vile."