Bangi ya Dada Kerubo

Mama ndiye aliyenituma. Aliniita nyumbani kwake Keroka mwezi wa Oktoba, akaniketisha jikoni, akasema ana watoto watano, wanne wako karibu, na huyu mmoja anayeugua hawezi kuachwa afie ugenini. Dada yangu Kerubo, kifungua mimba wetu, alikuwa na saratani iliyoanzia kwenye kongosho ikahamia kwenye ini. Kwa zaidi ya miaka ishirini alikuwa akiwahudumia wazee katika nyumba ya wagonjwa huko Minnesota, na sasa madaktari wa huko walikuwa wamemwambia kwamba matibabu yamefika mwisho. Tangu Juni alikuwa akisema anakuja. Tiketi ilisogezwa mara wiki mbili, mara mwezi. Ndugu zetu walishaanza kunong'ona kwamba ameipenda Amerika kuliko watu wake.

Nilichaguliwa mimi kwa sababu mbili. Nilikuwa na viza, niliyoipata mwaka uliotangulia nikakosa nafasi ya kuitumia. Halafu nilikuwa nimestaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya uaskari magereza, na kwetu waliona kwamba mtu aliyesindikiza wafungwa miaka yote hiyo hawezi kushindwa na mgonjwa mmoja. Chumba cha Kerubo kilikuwa tayari. Kilipakwa rangi, na dirisha likapanuliwa ili Mama akiketi barazani waweze kuonana. Niliondoka nikiwa na uhakika wa kurudi naye katika muda wa wiki tatu.

Minneapolis, Jumatano alasiri. Ndege ilitua chini ya mbingu ya rangi ya jivu. Ilikuwa Novemba. Binti ya Kerubo, Sharlene, mwanafunzi wa chuo kikuu, alikuwa akinisubiri na koti la marehemu baba yake mkononi. Alinisalimu kwa Kiswahili, nami nikamuuliza mama yake anaendeleaje. Akanijibu kwa Kiingereza kwamba nitajionea mwenyewe. Tuliendesha kuelekea kaskazini, tukavuka mto Mississippi, tukapita miti isiyo na jani hata moja. Nilidhani imeshikwa na ugonjwa. Sharlene akanieleza kwamba huwa hivyo kila mwaka, na kwa mara ya kwanza akatabasamu.

Fridley, jioni ileile. Ni kitongoji cha viwanda vyenye mapaa bapa na majengo ya matofali ya ghorofa tatu, na Kerubo aliishi katika ghorofa ya pili. Nilitarajia kumkuta mahututi. Alikuwa amekonda vibaya, shingo yake ningeweza kuishika yote kwa kiganja kimoja, lakini alikuja mezani kwa miguu yake. Alikula ugali wa ukubwa wa ngumi, sukuma wiki na kipande cha samaki, akamaliza. Nilifurahi, na papo hapo nikakasirika. Kama anaweza kula hivi, kwa nini asipande ndege? Nilimpigia Mama simu nikamwambia anakula, nikamsikia akimshukuru Mungu kwa sauti.

Alhamisi asubuhi nilielewa. Kabla ya uji, Kerubo alitoa chupa ndogo ya kahawia, akadondosha matone chini ya ulimi, akafumba macho kusubiri. Nilimuuliza ni dawa gani, akasema ya kutuliza tumbo. Lakini pua yangu imelelewa na kazi. Harufu ile nimeikuta ndani ya soli za viatu, ndani ya vipande vya sabuni, na siku moja katikati ya ugali baridi ambao mama wa mfungwa alimletea mwanawe. Nilimtazama Sharlene.

"Ni bangi, Anko," akasema. "Ya daktari. Iko legal hapa."

Niliinuka mezani. Maneno niliyoyasema baada ya hapo sitayaandika yote. Nilimtaja baba yetu aliyekuwa mzee wa kanisa, nikaitaja sare niliyoivaa, nikasema ni aibu mwanamke wa umri wake kuanza mambo ya vijana wa kijiweni. Kerubo alikunywa uji wake hadi nikaishiwa. Kisha akasema kwa upole kwamba siku hiyo anakwenda kuchukua chupa nyingine, na ningefuatana naye angalau ningegomba nikiwa na habari kamili. Tangu utotoni alijua kunifunga mdomo.

Woodbury, mchana. Nilitarajia uchochoro. Nilipelekwa kwenye duka lenye vioo, pembeni mwa barabara ya maduka, safi kuliko zahanati yoyote niliyowahi kuingia. Mlinzi aliomba pasipoti yangu, nikamkabidhi. Ndani walikuwamo watu wachache. Mzee mmoja aliyewahi kuwa mwanajeshi alinieleza bila kuulizwa kwamba tangu vitani usingizi wake ulikatika, na dawa hii humpa saa nne za kulala. Kando yake aliketi mama ambaye misuli ya miguu ilikuwa ikimkaza mpaka akashindwa kuvaa viatu. Kulikuwa na mume na mke na binti yao kwenye kiti cha magurudumu, amevalishwa kofia ngumu kwa ajili ya kifafa. Baba yake alisema degedege zimepungua ingawa hazijaisha. Hakuna aliyekuwa akicheka ovyo. Nilikuwa nikisubiri mtu acheke ili nipate hoja.

Mfamasia, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya chini, alimuuliza Kerubo amekula mara ngapi wiki hiyo, ametapika mara ngapi, amelala vipi, akaandika kila jibu. Kisha alinigeukia akanieleza wazi. Dawa ile humtulizia kichefuchefu, humrudishia hamu ya kula na kumpunguzia makali ya maumivu. Saratani haiigusi. Saratani itaendelea na kazi yake. Mimi nikauliza swali lililonileta: anaweza kubeba chupa ngapi hadi Kenya? Akaweka kalamu chini akasema hawezi kubeba hata moja, wala barua ya daktari haitasaidia. Jimbo hili linairuhusu, sheria ya Amerika nzima haimruhusu kuvuka nayo mpaka, na sheria ya kwetu bila shaka naijua. Niliijua kwa kifungu.

Tulipoingia garini Kerubo alifunga mkanda, akatazama mbele.

"Sasa umejua kwa nini tiketi inasogea," alisema.

Jumamosi wakaja akina mama wa kanisa, Wakenya, karibu wote wauguzi, na chapati na sufuria la kuku. Waliomba safari njema kwa muda mrefu. Hakuna aliyejua habari za chupa. Kerubo alikuwa ameificha nyuma ya mfuko wa unga, na nilimwona akiulinda mfuko ule kwa macho muda wote wa maombi. Mama mmoja aliniambia pembeni kwamba hata nyumbani siku hizi kuna hospisi za kuwatunza wagonjwa wasio na tiba, zenye dawa kali za maumivu, tusiogope. Ndipo nilipopata wazo langu, nami nikajiona mwerevu.

Jumapili baada ya chakula nilimwambia Kerubo tufanye majaribio. Siku tatu bila matone, kama vile tuko Keroka tayari. Vidonge vyake vya maumivu ataendelea navyo, kwa kuwa vile vinaruhusiwa kusafiri. Nitampikia uji wa wimbi, nitamchemshia tangawizi. Akiweza siku tatu, ataweza safari, na ataweza kwetu. Sharlene alipinga. Alisema tumuulize kwanza muuguzi wa hospisi anayekuja kila Alhamisi. Nikamwambia mambo mengine ni ya familia. Kerubo alitutazama kwa zamu, mimi na binti yake, kisha akaniletea chupa mwenyewe, akaniambia niiweke mfukoni mwangu. Alitaka kurudi kwao kuliko mtu yeyote kati yetu alivyotaka arudi, na mimi niliutumia utashi huo.

Jumatatu alijikaza kisabuni. Alikunywa nusu kikombe cha uji, akaniomba nimsimulie nani amejenga wapi, nani ameoa. Kufikia jioni uji ulikuwa umerudi wote.

Jumanne hakula kitu. Vidonge vya maumivu alivitapika kabla havijayeyuka, nami nikaviona ndani ya beseni, vizima, na rangi yake. Hapo ndipo nilipopaswa kuacha. Badala yake nilimwambia bado siku moja, kwa sauti niliyoizoea, sauti ya kumwambia mtu muda wake uliobaki. Sharlene hakwenda chuoni. Aliketi sakafuni kando ya kitanda cha mama yake, akawa hasemi nami kwa lugha yoyote.

Jumatano kulianguka theluji, yangu ya kwanza, na sikuiangalia. Kerubo alikuwa amejikunja ukutani akitoa mlio ambao mwanzoni nilifikiri ni wa bomba la maji. Kufikia saa sita mchana alikuwa hawezi kulitaja jina langu lote. Niliingiza mkono mfukoni nikaitoa chupa. Vidole vyangu vilikataa kuifungua, na sijui kama ilikuwa ni uzee au zile sare nilizovaa maisha yangu yote. Nilipiga goti, nikaifungua kwa nguvu, nikakitazama kidondoshi chenye mistari.

"Mpaka mstari gani?" nilimuuliza.

"Wa pili," akasema. "Chini ya ulimi. Taratibu."

Nikampa. Mimi mwenyewe, kwa mkono wangu. Baada ya saa moja mlio ulikoma. Baadaye alimeza kidonge na kikatulia. Kesho yake muuguzi wa hospisi alipokuja na kumpima, alituuliza kumetokea nini, Sharlene akamweleza, naye akanitazama kidogo tu na kuendelea kuandika. Ingekuwa nafuu kwangu kama angenikaripia. Kerubo alirudia kula, lakini ule ugali wa ukubwa wa ngumi sikuuona tena. Ikawa vijiko vinne, vitano.

Wiki iliyofuata nilimwambia jambo ambalo sikutegemea kulisikia kutoka kinywani mwangu. Nilimwambia ninaweza kuivusha. Hakuna mtu kwetu anayejua maficho kuliko mimi, nimeyafumua yote. Nilishapanga wapi na vipi, asubuhi nzima nilikuwa nikipanga, na roho ilikuwa ikinidunda kama ya kijana.

Alinicheka, akashika mbavu kwa maumivu, akaacha.

"Ukikamatwa, Mama atapoteza wawili," alisema. "Na hata ukipita, chupa ni ya wiki mbili. Halafu? Nitalala kwenye kile chumba, dirisha wazi, naye barazani akinisikia nikilia mchana kutwa. Hapa hanisikii, Mogaka. Niache nifie nikiwa na chakula tumboni."

Akaniagiza nimwambie Mama kwamba madaktari wamemkataza kupanda ndege. Nilisema sawa. Tukazungumza habari nyingine mpaka chai ikapoa.

Mwisho wa wiki ya tatu, uwanja wa ndege. Sharlene alinipeleka. Njiani alisema, kwa Kiswahili, pole pole kama mtu anayetembea gizani, kwamba mama yake amemwambia asinichukie. Hakusema kama atamtii. Nilimrudishia koti, akakataa, akasema Nairobi pia huwa baridi, jambo ambalo sote tulijua si kweli kwa kiasi kile.

Nairobi, usiku wa kesho yake, afisa wa forodha aliniuliza nimebeba nini. Nikasema viatu na peremende za watoto. Hakufungua hata begi moja.

Keroka, mchana uliofuata, Mama alikuwa barazani. Alitazama nyuma yangu kuona nani anashuka garini, na hapakuwa na mtu. Nilimpa uongo wa Kerubo jinsi ulivyo, kuhusu madaktari na ndege. Aliupokea bila swali, akauliza tu kama bado anakula. Nikasema anakula.

Kerubo alikuja Januari. Mwili wake uliruhusiwa kuvuka mipaka yote, kwa hati zenye mihuri, na kule uwanjani maafisa walisimama wakavua kofia. Tulimlaza usiku mmoja katika chumba chake, tukamzika Jumamosi.

Wanakwaya wenzangu kanisani huniuliza nilijifunza nini Amerika. Huwaambia habari za theluji. Ukweli ni kwamba nilijifunza kuwa niliwahi kumnyima dawa mtu aliyekuwa akiniamini, nikamhesabia siku, na kwamba nilifanya hivyo kwa urahisi kwa sababu nilikuwa nimezoea. Sijapata mahali pa kuliweka jambo hilo.

Mama peke yake ndiye niliyemweleza yote, wiki moja baada ya mazishi. Sikuacha hata beseni. Alisikiliza huku akipeta mtama, mikono haikusimama. Nilipomaliza akauliza kama ile dawa ya Kerubo ndiyo ileile niliyokuwa nikiwanyang'anya wafungwa. Nikasema mmea ni uleule.

"Miaka thelathini na mmoja," akasema. "Yote hiyo mliyokusanya mlikuwa mkiipeleka wapi?"

"Tuliichoma, Mama."

"Yote?"

"Yote."

Ungo ukasimama.