Tovuti Iliyoanza na Mlango Uliofungwa

Saa kumi na moja jioni, ukumbi una joto kama chumba cha kupigia pasi, na hakuna anayethubutu kugusa swichi ya feni. Madirisha yamefungwa yote. Mapazia mazito yameshushwa hadi chini. Kwenye benchi la ukutani ameketi mwanamume wa makamo, kompyuta imelala mapajani, taulo dogo la kufutia jasho liko shingoni. Anabonyeza, anatazama uwanjani, anabonyeza tena.

"Nahesabu vichwa," anasema bila kuinua uso. "Nikimaliza najifanya nimekosea, naanza upya. Acha nifaidi."

Anaitwa Herufi. Jina alilopewa na wazazi wake lipo, ila hata mkewe hulitumia siku za ugomvi tu.

Uwanjani watu wanne wanapigiana kwa raketi kipira chepesi cha manyoya, ambacho wenyewe wanakiita kinyoya. Kinyoya hakina ubavu wa kupambana na upepo. Feni ikizunguka kidogo tu, kinapotea njia. Ndiyo maana wanachama wa klabu hii ndogo ya badmintoni huziba kila tundu kabla ya kuanza mchezo, na mapazia wanayashusha ili jua lisiwapige machoni. Chini ya mlango wa mbele wamesokomeza blanketi kuukuu.

"Ukitaka kuwajua vizuri watu hawa, fungua dirisha moja," anasema Herufi. "Utakimbia mwenyewe."

Leo wachezaji ni wengi hadi wengine wamekaa sakafuni kungoja zamu. Wiki chache zilizopita ukumbi huuhuu ulikuwa umeshaposwa na mfanyabiashara wa magodoro.

Kwa zaidi ya miaka ishirini Herufi alikuwa mchora mabango. Maduka mengi ya mtaa huu, kuanzia saluni hadi bucha, yalipakwa majina kwa brashi yake. Alikuwa na sifa ya herufi nene zenye kivuli, zilizosomeka kutoka ng'ambo ya barabara hata na mtu aliyesahau miwani nyumbani.

Kisha zikaja mashine za kuchapa mabango ya plastiki. Wakati wa neema alikuwa akimaliza mabango manne kwa wiki. Ikafika mahali mwezi unakatika bila hata moja, na brashi zikakauka kwenye kopo.

"Nilikuwa naamka, naoga, navaa vizuri, halafu najiuliza nimevaa niende wapi," anakumbuka.

Nyumba ilibebwa na cherehani ya mkewe. Mama huyo ana kibanda cha ushonaji kona ya mtaa, na kwa miaka yote ile ya ukame alishona, akalipa, akapika, na hakumsimanga mumewe hata siku moja. Kumtania alimtania sana, lakini kumsimanga hapana.

Binti yao mkubwa, anayefanya kazi ofisini katika mji mwingine, ndiye aliyemtumia baba yake kompyuta aliyokuwa ameshaichoka. Akamfundisha kwa simu jinsi ya kutengeneza tovuti. Mwanzoni mwanafunzi huyo alikuwa akitoka jasho kuliko anavyotoka leo humu ukumbini.

"Aliniambia, 'Baba, hili ni bango tu, ila watu wanalisomea kwenye simu.' Basi. Hapo nikaelewa. Bango ninalijua."

Kazi yake ya kwanza ilikuwa tovuti ya kibanda cha mkewe, ambayo mwenye kibanda anasema imejaa picha za mumewe akipima vitambaa asivyovijua. Kazi ya pili ndiyo iliyomnyima usingizi.

Mwenyekiti wa klabu ni muuguzi mstaafu ambaye mtaa mzima humwita Sista. Alikuja kibandani siku moja, hakukaa hata kwenye kiti, akatoa habari mbaya. Kamati inayosimamia ukumbi ilikuwa imechoka kuwawashia taa watu saba, mmoja wao mwenye goti bovu. Ikifika mwisho wa mwezi wakiwa bado wale wale, ukumbi unapewa mwenye magodoro aufanye ghala.

"Shemeji," Sista alimwambia Herufi, "watu hawajui kama tupo. Tutengenezee hiyo tovuti yako, na uifanye haraka."

Miongoni mwa wale saba alikuwamo mke wa Herufi. Kuinama kwenye cherehani kulikuwa kumemharibu mgongo, na Sista ndiye aliyemburuta ukumbini mara ya kwanza. Siku hizi, Jumanne na Alhamisi, mama huyo hufunga kibanda mapema, huvaa raba, na hurudi nyumbani akiimba. Siku nyingine haimbi.

"Mtu amenibeba miaka yote hiyo," anasema Herufi, na kwa mara ya kwanza anaacha kubonyeza. "Kitu anachokipenda ni kimoja, halafu wanataka kukiwekea magodoro. Nikasema hili lazima liwezekane. Nilitaka nimwokolee jambo moja tu. Moja."

Akajikaza kisabuni. Alipiga picha za raketi, za wavu, za goti la yule mwenye goti bovu likiwa limefungwa bandeji, hiyo ikakataliwa. Kamati ya klabu iligombania picha ya juu kabisa, kila mmoja akiona yeye ndiye ametokea vizuri, mpaka Sista akatumia cheo chake kuweka ile inayomwonyesha akiruka. Herufi akaandika siku, saa, maelezo kwamba raketi za kuazima zipo na asiyejua atafundishwa. Akaweka na ramani. Herufi zilikuwa nene, zenye kivuli.

Tovuti ilipokuwa hewani, watu waliifungua kweli. Yeye mwenyewe aliona hesabu zikipanda, tena wengi walikuwa wakibonyeza ramani kutafuta njia. Mkewe akaanza kumwita "mheshimiwa".

Jumanne ikafika, wakaja wale saba. Alhamisi, saba. Wiki iliyofuata walikuja sita, kwa sababu goti lilikuwa limevimba.

"Nilitamani sakafu inimeze," anasema. "Watu wanaitazama, wanaitafuta njia, hawafiki. Nikajua ramani yangu inawapeleka kwenye dimbwi."

Akafanya alichoona ni uchunguzi. Alikwenda hadi kituo cha mabasi, akashika simu mkononi kama mgeni, akaanza kufuata ramani yake mwenyewe hatua kwa hatua. Akapita benki, akapita duka la dawa, akakata kona. Ramani ikamleta sawasawa mbele ya mlango mkubwa wa ukumbi. Akageuka kulia, akapita kichochoro cha uani wanakoegesha baiskeli, akaingia kwa mlango mdogo wa pembeni, akawakuta wakicheza.

"Ramani ni nzima," alimwambia Sista.

"Basi watu ndio wabovu," Sista akajibu, na hiyo ndiyo ikawa taarifa rasmi ya uchunguzi.

Siku zikawa zinayoyoma. Mkewe aliacha kumwita mheshimiwa, na Herufi anasema ukimya ule ulimuuma kuliko ambavyo tusi lingemuuma. Usiku mama alikuwa akimwambia, "Baba, umejitahidi, yaache." Herufi alikuwa akigeukia ukutani.

Jibu lilikuja kibandani kwa miguu yake miwili, likifuata gauni. Alikuwa mwalimu wa chekechea, mteja wa siku nyingi. Alipokuwa akijipima mbele ya kioo aliona raba za mwenye kibanda chini ya meza, akauliza kwa huruma:

"Hivi ule mchezo wenu mliuacha lini?"

"Tuuache? Nani kakwambia?"

"Nimekuja Jumanne na mdogo wangu, mwalimu mzima nimevaa na kaptura. Tumeona kwenye simu. Tumefika, mlango umefungwa, madirisha yamefungwa, mapazia chini, kimya kama kuna msiba. Fundi viatu pale mbele akatuambia tujirudie zetu, pamefungwa siku nyingi."

Mkasi ulimponyoka mama mkononi. "Jumanne tulikuwepo! Tulikuwa ndani!"

Herufi, aliyekuwa akinywa chai pembeni, hakuimaliza. Alitoka mbio na kikombe mkononi hadi kwa fundi viatu, ambaye alihamia hapo mbele ya ukumbi miezi michache iliyopita. Akamkuta anashona kandambili kwa utulivu wa mtu mwenye dhamiri safi.

"Fundi, kuna watu wamewahi kuja hapa kuuliza badmintoni?"

"Weee! Wengi mno. Alhamisi vijana wanne. Jumanne sijui mama gani na watoto. Nawaonea huruma, nawaambia mapema wasije wakasimama juani bure."

"Unawaambia nini?"

"Kwamba pamefungwa. Si unaona mwenyewe?"

Herufi akageuka kuutazama ukumbi, na anaapa kuwa ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kuuona. Mlango mkubwa, rangi imebabuka, blanketi limechomoza kwa chini. Madirisha meusi. Hakuna sauti, kwa sababu kinyoya hakipigi kelele za kufika barabarani. Jengo lilikuwa linasema "hatupo" kwa herufi nene kuliko zake zote. Na yeye, siku ile ya uchunguzi, alifika mbele ya mlango ule ule akazunguka kulia bila kufikiri, kwa kuwa ndivyo walivyozoea wote. Aliyejaribu kuwa mgeni alisahau sehemu moja tu ya ugeni, na ndiyo iliyokuwa inawapoteza watu.

Anasema alikaa chini kwenye kigoda cha mteja na kucheka mpaka fundi viatu akaanza kuogopa.

"Nilikuwa nacheka, nalia, sijui. Siku zote nilidhani hakuna anayetutaka. Kumbe walikuwa wanakuja! Walikuwa wanakuja na raba zao!"

Kikao cha dharura kilifanyika jioni hiyo. Mmoja alitaka mlango wa mbele uachwe wazi, akazomewa na wote kwa ajili ya upepo. Herufi akasimama akasema picha ya Sista akiruka ishushwe chini, na juu kabisa ya tovuti iwekwe picha ya mlango uliofungwa.

"Shemeji, njoo nikupime homa," Sista alisema. "Tunatafuta watu, wewe unataka kuwaonyesha mlango uliofungwa?"

"Ndiyo watakachokiona wakifika, Sista. Wakione kwanza kwangu, nikiwa nao nawaeleza."

Sista alinuna kidogo kwa ajili ya picha yake, halafu akakubali.

Asubuhi yake Herufi alizilowesha brashi zake kwenye mafuta ya taa, akazisugua mpaka zikalainika, akabeba stuli na kopo la rangi nyeupe. Mkewe alifunga kibanda kwa saa nzima ya asubuhi, jambo asilolifanya hata akiwa na malaria, ili amshikie stuli. Watu walisimama kutazama. Juu ya ule mlango uliobabuka akaandika kwa herufi nene, zenye kivuli kama zamani: TUPO NDANI. TUMEZIBA UPEPO. ZUNGUKA KULIA. Akaupiga picha, akaiweka kwenye tovuti, na chini yake akaandika maneno yale yale.

Fundi viatu alipewa kazi ya heshima ya kuwarekebisha aliowapoteza. Anaifanya kwa bidii ya kutubu. Sasa hata mtu anayepita kwenda sokoni anaelekezwa azunguke kulia.

Alhamisi iliyofuata alikuja mwalimu wa chekechea na mdogo wake. Wakaja vijana wanne, wakaja mama na watoto. Sista alishikwa na kigugumizi, hali ambayo wenzake hawajawahi kuishuhudia. Raketi za kuazima zikaisha, watu wakapeana zamu.

Mwishoni mwa mwezi akatokea bwana wa kamati ya ukumbi, na futi ya kupimia mfukoni. Alisimama mbele, akausoma mlango, akazunguka kulia kama alivyoagizwa. Ndani hakupata pa kukaa. Akasimama ukutani, akakoswa na kinyoya mara mbili, akajifuta jasho, akauliza kwa nini hawawashi feni. Ukumbi mzima ukamgeukia. Aliondoka bila kuitoa futi, na wiki hiyo klabu ikapata barua ya kuendelea mwaka mwingine.

"Nililala siku hiyo," anasema Herufi. "Nililala kama mtoto aliyeogeshwa. Mke wangu anasema nilikoroma mpaka jirani akagonga ukuta, na yeye hakuniamsha."

Tangu hapo kazi zimeanza kumfuata, nyingine za tovuti, nyingine za brashi, maana watu wameuona mlango. Kinyozi anataka zote mbili. Kabla ya kukubali kazi yoyote Herufi anamwomba mteja amwache aje dukani kama mtu asiyejua lolote, tena safari hii anakwenda na mtu ambaye kweli hajui. Mara nyingi ni yule mwalimu wa chekechea, ambaye anasema hajawahi kupata kazi rahisi hivyo.

Anapanga kuchukua kijichumba nyuma ya kibanda cha mkewe, upande mmoja rangi na brashi, upande mwingine kompyuta. Tumaini lake lingine analisema kwa sauti ya chini, akihakikisha Sista hasikii. Tangu klabu hii ianze, hajawahi kushika raketi, na sasa anataka kujaribu.

Mkewe, aliyekuwa ametoka uwanjani kunywa maji, amesikia. Anaifunga kompyuta ya mumewe yeye mwenyewe, anaiweka kwenye benchi, anamkabidhi raketi.

"Inuka, mheshimiwa."

Herufi anainuka. Anaishika raketi kama brashi, watu wanavunjika mbavu. Mkewe anamwanzishia kinyoya kwa upole, anakikosa. Anaanzishiwa tena. Anainua mkono juu, na hapo hapo mlango wa mbele unagongwa, taratibu, kama na mtu asiye na uhakika.

Kinyoya kinaanguka. Ukumbi mzima, wakongwe na wageni wa jana, unapaza sauti kwa pamoja: "Tupo! Zunguka kulia!"

Herufi ameshatupa raketi kwenye benchi. Anakwenda kumpokea mgeni uani.