Mchezo wa Mjomba

Jirani akichoma ndizi, mimi hufunga dirisha. Harufu ile hunirudisha kwenye maporomoko ya mto, likizo ya Krismasi tuliyopanda mlimani kwa mjomba, kaka yake mama. Alitutembeza mashambani, tukaruka mifereji, kisha tukawasha moto kando ya bwawa lililo chini ya maporomoko. Maganda ya ndizi yalikuwa yanapasuka kwenye makaa. Nilikuwa nimekalia koti la baba, bado lina joto lake.

"Shemeji, nyie wa mjini mnaogopa hata maji ya kunawa uso!" mjomba alimtania baba, aliyekuwa amesimama ukingoni.

"Kaka, mwache, hajui kuogelea," mama akasema.

"Atajulia humo humo," akajibu, akamsukuma kwa bega. Baba alipozama mara ya pili, mjomba alikuwa bado anacheka.

Baada ya mazishi mjomba alimletea mama jani la sale. Kwetu Uchagani, ukiombwa msamaha kwa jani hilo hukatai. Mama alilipokea kwa mikono miwili, macho yake yakiwa ukutani. Sasa na yeye tumemzika, kando ya baba.

Juzi mjomba alinipigia simu. Anaumwa, yuko peke yake, na sauti imemwisha.

"Njoo unione, mwanangu. Yale si tulishayamaliza?"

"Shikamoo, mjomba," nikamwambia. "Sale ulimpa mama. Mimi hukunipa."