Mafuta na Esansi

Nilikuwa na tabia mbaya ya kumsahihisha Kiswahili jirani yangu. Mimi Mkenya niliyepata alama nzuri shuleni, yeye Mkongomani wa Uvira. Tuliishi mlango kwa mlango huko Garland, Texas. Akisema "gari iko", mimi husema "gari lipo". Alikuwa akicheka tu na kuniita mwalimu; mimi nilimwita Dada.

Kisha kaka yake akafariki ghafla. Alikuwa ameingia Marekani miezi mitatu tu kabla, akapata kazi kwenye kiwanda cha nyama kule nyikani, magharibi mwa Texas. Vita viliwatenganisha wakiwa vijana, na walikuwa wakipanga kuonana Krismasi. Mazishi yalikuwa saa nane mchana na hayangeweza kungoja, maana wabebaji wa jeneza walikuwa wenzake wa kiwandani na jioni walikuwa na zamu. Dada alitaka jambo moja tu: kuuona uso wake kabla haujafunikwa. Hakuwa amezoea safari ndefu, hivyo nikajitolea kuendesha gari lake.

"Dada, umeweka mafuta?" nilimuuliza alfajiri.

"Niliweka, mwalimu. Tena mingi."

Mshale wa tangi ulikuwa umeharibika siku nyingi. Niliamini neno lake.

Tulipita Fort Worth, miji ikapungua, ikabaki ardhi nyekundu, nyaya za uzio na ng'ombe wa mbali. Saa tano gari likakohoa, likazimika.

"Mafuta iko!" alisema. Akafungua boneti, akachomoa kijiti cha kupimia. Kilitoka kikimeremeta oili mpya.

"Petroli, dada! Nilisema petroli!" Nilimpigia kelele, Mungu anisamehe.

"Ile ni esansi," akasema polepole. "Si ungesema esansi? Nilijua utaweka njiani."

Kwao mafuta ya gari ni ya injini. Mimi bingwa wa lugha sikuwahi kujiuliza neno langu linafika vipi masikioni mwake. Nilijichukia.

Simu haikushika mtandao. Tulikaa kando ya barabara kwa muda wa saa mbili hivi, tukila vumbi, mpaka mfugaji mmoja akasimamisha pikapu yake na kutumiminia galoni mbili za petroli, za kutufikisha kituo cha kujazia.

Tulifika makaburini saa tisa. Trekta dogo lilikuwa likisawazisha udongo juu ya kaburi, na wenzake wa kiwandani walishakwenda kazini. Nilimwomba msamaha. Akatikisa kichwa, akaendelea kuangalia udongo.

Hapo hapo simu yake ikalia. Alikuwa mama yao, kutoka Uvira. Nilisikia sauti ya kizee ikiuliza kama ameuona uso.

"Nilimuona, mama. Alikuwa kama analala."

Mama hakuridhika, alitaka kusikia pia kwa mtu mwingine. Nikapewa simu. Nikamwambia ndiyo, mama, tumemwona, ametulia.

"Walimnyoa ndevu?" akaniuliza.

Nikamjibu kwamba walimnyoa vizuri sana.