Fundi Tharsisi na Madoa Yanayosema

Tharsisi alikuwa fundi wa kuchora kuta. Kibondo nzima, ukiona simba kwenye kibanda cha kinyozi au ng'ombe anayecheka kwenye ukuta wa bucha, ujue mkono ni wake. Ng'ombe anacheka nini buchani, hilo muulize mwenyewe. Ufundi aliupata Kasulu. Majivuno alizaliwa nayo.

Jambo moja tu lilimkosesha raha: Immakulata, binti wa Mzee Nestori, mfuga nyuki wa Murungu. Kila Tharsisi alipokwenda kujitambulisha kama mchumba, mzee alimwacha amesimama mlangoni. Hakumfukuza. Alizitazama tu kucha zake zilizojaa rangi, akarudi kwenye mizinga yake. Neno "karibu" halikumtoka hata siku moja. Mwanzoni mwa mwaka 2014 mzee akafariki, na neno lake akaondoka nalo.

Mwaka huohuo Bi Asmahani, muuza asali wa mjini, aliletewa alama ya QR na kaka yake Twalibu, aliyekuja kutoka Dar es Salaam. Ilikuwa karatasi yenye madoa meusi ya mraba, ambayo simu ya kisasa ikiyapiga picha inatoa maneno. Akamwita Tharsisi aichore kwenye ukuta wa duka, kubwa kama mlango.

Tharsisi aliitazama akaona ina kasoro. Pembe tatu zilikuwa na miraba mikubwa, ya nne haina kitu. Akaionea huruma, akaiongezea. Weusi akaugeuza rangi ya asali, pembeni akajaza maua, na katikati akaweka nyuki mnene. Twalibu alipoielekezea simu yake, simu ikanyamaza.

"Fundi, hii siyo kanga," Twalibu alisema. "Nyeusi juu ya nyeupe. Pembeni uache peupe, pasiwe na ua wala nyuki. Na kila doa likae palepale lilipo, hata kama halikupendezi."

Tharsisi akapaka chokaa, akapiga mistari kwa kamba, akachora upya kwa uchungu wa baba anayemwoza binti kwa mkwe asiyemtaka. Safari hii simu ikalia, maneno yakatokea: KARIBU NDANI. ASALI MBICHI IPO. UKIONJA, UTARUDI.

Hapo ndipo akili yake ilipoteleza. Yeye aliona simu imelitazama duka, ikasema habari za duka. Basi ikimtazama kinyozi itasema habari za kinyozi, na ikikitazama kilabu itasema habari za pombe. Hakuuliza, maana fundi wa aina yake haulizi. Twalibu akarudi Dar na simu yake, na waliobaki walikuwa na simu za tochi, zinazojua kumulika njia ya chooni na si zaidi. Tharsisi akachora madoa yaleyale kwa kinyozi, kilabuni, hata kwa mganga wa kienyeji, na wote wakatembea kifua mbele kwamba wameingia usasa.

Ndipo mama yake Immakulata alipomwita.

"Kaburi la mzee linabarikiwa Jumamosi," alisema. "Lipambe. Ukiniaibisha mbele ya ukoo, usikanyage tena hapa kwa ajili ya binti yangu."

Tharsisi alifanya kazi kwa moyo wote. Juu ya saruji nyeupe akapanga madoa, kila moja mahali pake, ili yatangaze wema wa marehemu.

Jumamosi ukoo ukajaa. Katekista Pasikali akanyunyiza maji ya baraka. Twalibu naye alikuwepo, amekuja tena kutoka Dar, kwa kuwa dada yake alikuwa mteja wa mzee kwa miaka mingi. Tharsisi akakohoa kidogo, akasema, "Sasa marehemu atazungumza mwenyewe. Kaka Twalibu, simu."

Twalibu akaelekeza simu. Akatazama kioo, akatazama kaburi.

"Mama, labda tuliache kwanza."

"Soma," mama akasema. "Kwa sauti."

"Karibu ndani," Twalibu akasoma.

Waliokuwa mbele wakarudi nyuma.

"Asali mbichi ipo."

Katekista akafanya ishara ya msalaba.

"Ukionja, utarudi."

Shangazi mmoja akatimua mbio, akaacha kiatu. Tharsisi, kwa aibu iliyomshika, alitamani kuupokea mwaliko ule akaingie humo kaburini moja kwa moja.

Mama aliinama. Mabega yakaanza kumtikisika, na watu wakadhani analia. Kumbe anacheka, anacheka mpaka kilemba kikamdondoka.

"Yewe Tharsisi!" akasema akijipangusa macho. "Nimeishi na mtu huyu tangu nikiwa msichana, sijapata kumsikia akimkaribisha mtu. Wewe alikuacha mlangoni mpaka anakufa." Akaligeukia kaburi, na sauti ikamlainika. "Leo mwenye nyumba amesema karibu ndani. Mimi ni nani nimbishie? Twende nyumbani, uingie, ule."

Walipofika, Immakulata alikuwa ametangulia, ameshaweka kigoda ndani.