Kitufe Kisichokuwa na Neno

Jumanne, nikitoka Gombani, nilisikia kipaza sauti cha msikiti kikitangaza kifo cha bibi mmoja wa Madungu, mshona kofia. Wenzangu waliitikia "Inna lillahi" wakaendelea na njia. Mimi nilikaa kitako ukingoni mwa barabara. Wasomaji wangu mnajua kuwa sikupita darasa la saba, na kwamba maneno yangu huja polepole. Haya ya leo yamekuja polepole zaidi, kwa sababu yana aibu.

Bibi huyo na kaka yake waliacha kusemeshana kwa sababu ya vyama vya siasa, miaka ile ambayo hapa kwetu mtu alitazama kwanza bendera ya nyumba kabla ya kuingia kutoa pole. Kaka alihamia bara. Dada alibaki na neno moja alilotaka kumwambia: nisamehe. Mimi nilikuwa nimejifunza kutengeneza tovuti katika duka la intaneti mjini Chake Chake, nikatengeneza moja ya kuwakutanisha Wapemba waliotawanyika. Majina yalifuatana kwa siku aliyojiandikisha mtu. Juu niliweka kitufe cha kutafutia: mchoro wa kioo cha kukuzia, bila neno, maana niliona neno litaharibu urembo.

Alhamisi moja bibi alikuja dukani, akatutajia jina la kaka yake, akaketi mbele ya kompyuta. "Mwanangu, hii kata ya maji hapa juu ni ya nini?" akaniuliza. Vijana wakaangua kicheko. "Teka, Bi, kisima kimejaa majina!" mmoja akasema. "Nikiteka nitakunywa peke yangu, wewe hupati hata tone," akamjibu, naye akacheka. Mimi pia nilicheka, chini chini. Niliona haya kukiri mbele yao kwamba mchoro wangu haueleweki. Basi akaanza kusoma jina moja moja, kidole juu ya skrini, na kila Alhamisi akaandika ukurasa aliofika kwenye kipande cha karatasi alichokiacha dukani. Kila Alhamisi nilijiambia nitamwonyesha, vijana wakishaondoka. Walikuwa hawaondoki, na mimi nilikuwa sisemi.

Baada ya maziko nilibonyeza kitufe, nikaandika jina la kaka. Lilitokea papo hapo, na namba yake ya simu. Lilikuwa kurasa tatu mbele ya pale alipoishia dada yake. Nikampigia. Alifika siku ya hitima, akanivuta kando: "Alinitafuta?" "Sana, mzee," nikasema, nikainamisha kichwa. Kilichomchelewesha dada yake sikumwambia.

Sasa kitufe kimeandikwa: Tafuta jina hapa. Ilikuwa kazi ya dakika chache. Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Hawakututajia ujinga wa anayeulizwa akacheka. Anayetengeneza kitu cha watu, kisha akaona haya kukieleza, amejitengenezea mwenyewe. Mzee wangu, kama unasoma hapa: dada yako alibakiza kurasa tatu akufikie, na aliyekaa kati yenu ni mimi.