Mtani wa Mzee Kalasa

Sikuwa na homa. Naanza na hilo kwa sababu najua mtakavyosema. Jioni ile nilijipima joto, nikaliona liko sawa, nikadhani kipimajoto kimeharibika, nikaenda kuazima kingine kwa jirani. Kikasema vilevile. Kwa hiyo niliyoyaona pale mjini Likasi niliyaona kweli, tena mchana kweupe.

Nilikuwa nimetoka tu shule ya uuguzi. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kumtunza Mzee Kalasa nyumbani kwake, katika kambi ya wafanyakazi wa kampuni ya shaba. Kiharusi kilikuwa kimemlaza, na hospitali ikamrudisha kwa binti yake Ngosa, ambaye alishinda sokoni akiuza unga. Kumwogesha na kumgeuza asipate vidonda, hayo niliyajua. Lakini mzee alikuwa amefunga mdomo. Hakula, hakusema. Nilimbembeleza kwa sauti ya kanisani: baba, tafadhali, kijiko kimoja tu. Akageukia ukutani. Nikawa silali kwa mawazo. Je, uji ni wa moto mno? Je, ananichukia? Na akinifia mikononi, nani atanipa mgonjwa mwingine? Daktari alikuwa ameniambia wazi kwamba asipokunywa kitu, hatafika Jumapili.

Basi siku moja ya kiangazi, nimemaliza tu kupiga deki na sementi bado inang'aa kwa maji, akaingia mama mmoja mnene, bila hodi. Hakunisalimia. Alisimama kando ya kitanda, mikono kiunoni.

"Weye Kalasa," akasema, "chui gani anashindwa na uji? Minye mbuzi niko hapa, na weye hauna hata meno ya kuniuma."

Niaminini, nilitaka kumtoa. Nani anamtukana mgonjwa? Nilikuwa bado natunga maneno ya adabu ya kumfukuzia, mzee alipofungua mdomo. Ndiyo mara ya kwanza nasikia sauti yake.

"Mbuzi, unanuka."

Hapo nikaelewa kwamba ni watani. Mzee ni wa ukoo wa chui, mama wa ukoo wa mbuzi, na watu wa koo hizo hutaniana maisha yote, mpaka makaburini: mmoja akifa, mwenzake ndiye huja kumcheka msibani ili waliofiwa wapumue. Nikasogea kando nikatazama. Na kazi aliyoifanya yule mama! Alimwinua kwa mkono mmoja, akamwekea mto mgongoni, akamtukana. Mzee akifungua mdomo kujibu, kijiko kimeshaingia. Anamfuta kidevu, anamtukana tena. Kikombe cha uji kikaisha hivyo. Shuleni hatukufundishwa kitu kizuri namna ile.

Kisha akashusha sauti.

"Kalasa, balinizika kimya. Hakuna mutu alicheka. Juu ya nini haukuja?"

Mimi nilifikiri huko kuzikwa ni utani tu. Lakini mzee alikuwa analia.

"Miguu ilikataa, mama. Nilisikia haya sana."

"Basi unicheke sasa."

Mzee akampima kwa macho. "Bale balibeba sanduku yako, ninabahurumia. Mbuzi munene vile."

Mama akacheka mpaka akashika ukuta. Mzee naye akacheka, hata mimi nikacheka, bila kujua nacheka nini.

Nilimsindikiza mlangoni, nikamwambia asante mama, karibu tena. Si ndivyo mgeni anavyoagwa? Akasimama, akanitazama.

"Njo weye unaniita?"

Nikasema ndiyo, mimi ndiye ninayekuita. Akatoka. Nilipogeuka nikaona sakafu: kwenye maji kulikuwa na nyayo zangu tu. Jirani, aliyekuwa anafua nguo mbele ya mlango wetu, akaniambia hajaona mtu kupita. Amesikia tu mzee anacheka, akashangaa.

Ngosa aliporudi nikamsimulia. Akakaa chini pale pale. Huyo ni Mama Chola, akasema. Alizikwa wakati wa mvua, siku chache baada ya baba kuanguka. Tulimficha baba mpaka alipotoka hospitalini; tangu aambiwe kwamba mtani wake amezikwa bila yeye, ndipo alipofunga mdomo.

Mzee Kalasa aliishi miaka mingine mingi, akiwatukana watu wote wa kambi. Nami ningali katika kazi hii. Kila nyumba ambamo mgonjwa amekataa kijiko, ikifika saa ya jua kali, Mama Chola huingia bila hodi. Wagonjwa wangu wanapona kuliko wa wenzangu, na watu wananisifu mimi. Lakini siku hizi, akimaliza kumlisha mgonjwa, hunigeukia na kunitazama mimi, kutoka kichwani hadi miguuni, kama mtu anayetafuta atakachokuja kukicheka msibani kwangu.

Wewe unayeanza kuwatunza wagonjwa majumbani, mgeni wa namna hiyo akija, mpishe, umpe kijiko, ujifunze. Akitoka, muage kwa kichwa tu. Usimwambie karibu tena.